RUHUSA YA KUZIKA TUNAYO, YA KUUGUZA TUTAIPATA LINI?



Mbiu ya mgambo ikilia kuna jambo. Jambo tunalotaka kulisema safari hii si la mshahara wala si la saa za ziada, ingawa mwishowe linagusa yote mawili. Ni jambo la kadi mbili za kliniki. Wako wanachama wengi, kutoka Diani na Ukunda mpaka Msambweni na Ramisi, ambao nyumbani kwao kuna kadi mbili: moja ya mama au baba aliyekwisha kuwa mzee, na moja ya mfanyakazi mwenyewe. Kadi ya mzee ina tarehe yake. Kadi ya mfanyakazi ina tarehe yake. Na ubao wa zamu kazini nao una tarehe zake, wala hauulizi kadi ya mtu yeyote. Tarehe hizo zikigongana, ni ipi inayoachwa? Sote twajua jawabu. Huachwa ile ya mfanyakazi mwenyewe.

Wako watakaosema kwamba hili ni shauri la mtu na jamaa zake, chama hakihusiki. Sisi twasema chama kinahusika, kwa sababu kinachowagonganisha mzazi na mwanawe ni masharti ya kazi, na masharti ya kazi ndiyo shughuli yetu.

Tuchukue mfano wa mhudumu wa vyumba katika hoteli ya Diani, mama mwenye umri wa miaka hamsini hivi. Mama yake mzazi anakaa ndani upande wa Lunga Lunga, ana presha na sukari, na macho yake yameanza kufunga. Siku ya kliniki lazima bibi huyo atolewe nyumbani alfajiri kwa bodaboda mpaka barabara kuu, apandishwe matatu, ateremshwe Msambweni, aongozwe hospitalini. Kuna faili la kutafutwa, kuna kupimwa uzito na presha, kuna kutolewa damu, kuna kumngoja daktari, kisha kuna dirisha la dawa. Hata kila mtu hospitalini akifanya kazi yake vizuri, siku imekwisha. Na daktari akimwandikia aende Hospitali Kuu ya Pwani, Mombasa, basi mpango mwingine waanza, wa feri ya Likoni au wa kuzunguka Dongo Kundu.

Mzee wa namna hii hawezi kwenda peke yake. Haoni namba ya mlango. Hasikii jina lake likiitwa. Akiambiwa kidonge hiki asubuhi na kile usiku, akifika nyumbani amekwisha changanya. Wako wazee wenye matende, maradhi ambayo pwani hii imeyajua tangu zamani, na mguu wa matende haurukii matatu. Yuko aliyepasuliwa mtoto wa jicho, ambaye lazima ashikwe mkono. Kumpeleka mzazi si kutembea naye tu. Mtoto ndiye macho yake, masikio yake, na kumbukumbu yake mbele ya daktari.

Sasa turudi kwa yule mhudumu wa vyumba. Yeye naye ana kadi. Miaka ishirini ya kugeuza magodoro imemharibu mgongo, na presha amekwisha ambiwa anayo. Tufanye hesabu. Kama kliniki yake ni kila mwezi, ni siku 12 kwa mwaka. Kama ya mama yake ni kila mwezi, ni siku 12 nyingine. Jumla ni siku 24. Atazitoa wapi?

Tuitazame Sheria ya Ajira ya mwaka 2007. Kifungu cha 30 chasema kwamba mfanyakazi aliyekwisha timiza miezi miwili mfululizo kazini anastahili ruhusa ya ugonjwa isiyopungua siku 7 kwa mshahara kamili, na siku 7 nyingine kwa nusu mshahara, katika kila miezi 12. Ni haki nzuri, na kila mwanachama aijue. Lakini isomeni vizuri. Sharti lake ni cheti cha daktari kinachothibitisha kwamba mfanyakazi hawezi kufanya kazi. Mtu wa presha au sukari siku ya kliniki anaweza kufanya kazi. Anachotaka ni kupimwa na kupewa dawa ili aendelee kuiweza. Kwa hiyo siku yake ya kliniki inaning'inia hewani, si ya ugonjwa, si ya mapumziko. Na siku ya kliniki ya mama yake haimo kabisa. Katika sheria yote ile hakuna hata saa moja iliyotajwa kwa ajili ya kumuuguza mzazi.

Zimebaki siku 21 za likizo ya mwaka, ambazo ni za kifungu cha 28, na siku moja ya mapumziko katika kila siku saba. Wengine wasema: si zinatosha? Hazitoshi, na sababu zake ni za wazi. Hoteli za Diani hupeleka watu likizo wakati wa masika, kuanzia Aprili mpaka Juni, wageni wakiwa wachache. Desemba na Agosti nyumba zimejaa, na mtu akiomba siku moja huangaliwa kama aliyetukana. Lakini presha haina msimu. Sukari haingoji wageni wapungue. Na siku ya mapumziko sheria iliiweka ili mwili upumzike, haikuiweka ili mtu ashinde kwenye benchi la hospitali amemshika mzee, kesho yake arudi kazini amechoka kuliko alivyotoka. Mfanyakazi anayetumia kila siku yake ya mapumziko namna hiyo, kwa kweli hana siku ya mapumziko.

Basi watu hufanyaje? Tusifichane. Wako wanaobadilishana zamu kwa siri, na kumlipa mwenzao kutoka mfuko wao. Wako wanaosema uongo kwamba wanaumwa, kumbe mgonjwa ni baba. Wako wanaotoweka tu, simu imezimwa, na wakirudi hukuta barua ya onyo mezani. Kutokuwapo kazini bila ruhusa wala sababu halali ni mojawapo ya makosa ambayo kifungu cha 44 kinamruhusu mwajiri kumwachisha mtu kazi mara moja. Kwa hiyo mtoto anayetimiza wajibu wake kwa mzazi huwekwa kwenye mstari mmoja na mlevi aliyelala mpaka saa nne.

Na walio wengi hufanya lile lililo baya kuliko yote: humpeleka mzee, wakaacha kadi yao. Mwezi wa kwanza husema nitakwenda mwezi ujao. Mwezi wa pili dawa zimekwisha, hununua chache dukani. Mwezi wa sita kadi haijulikani iliko. Presha haipigi kelele. Mtu anaweza kuwa nayo miaka na asihisi kitu, mpaka siku imwangushe jikoni au kwenye ngazi, mkono mmoja umekufa na mdomo umekwenda upande. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Lakini huyu wetu hakuyaficha kwa ujinga. Aliyaficha kwa sababu siku alizonazo zilitosha mgonjwa mmoja, na yeye akamchagua mzazi wake. Akianguka yeye, ni nani atakayemwongoza yule mzee? Nyumba iliyokuwa na mgonjwa mmoja na mtu wa mshahara sasa ina wagonjwa wawili, na mshahara hakuna.

Kuna na upande wa fedha. Tangu tarehe 1 Oktoba 2024, NHIF iliyoanzishwa mwaka 1966 ilipokoma na SHA ikachukua mahali pake, kila mfanyakazi hukatwa asilimia 2.75 ya mshahara wake wote. Mwenye mshahara wa shilingi 20,000 hutoa shilingi 550 kila mwezi. Fedha hizo zamhesabu yeye, mumewe au mkewe, na watoto wake. Mama na baba hawamo. Wao ni kaya nyingine na lazima waandikishwe peke yao, na mchango wao kwa asiye na mshahara si chini ya shilingi 300 kwa mwezi, yaani 3,600 kwa mwaka. Nani atatoa? Ni yule yule mtoto. Mzee aliyetimiza miaka 70 na kuandikwa katika mpango wa Inua Jamii hupata shilingi 2,000 kwa mwezi, na safari mbili za hospitali zaweza kuzimaliza. Kwa hiyo mfanyakazi alipe michango miwili, alipe nauli za watu wawili, tena apoteze siku ya kazi. Ndugu zetu vibarua hali yao ni mbaya zaidi, kwa kuwa siku asiyofika ni siku asiyolipwa. Lakini nao wajue kwamba kwa kifungu cha 37, kibarua aliyefanya kazi miezi miwili mfululizo anastahili masharti kama asingeanza kuwa kibarua, pamoja na ruhusa ya ugonjwa. Aje ofisini tumsaidie kuidai.

Sasa twafika kwenye kiini cha maneno yetu. Sehemu nyingi za kazi, kwa desturi au kwa mapatano ya pamoja, mfanyakazi akifiwa na mzazi hupewa ruhusa. Meneja humpa pole, wenzake huchanga, pengine na gari hutolewa. Hayo ni mambo ya utu na hatuyapingi. Lakini twauliza: mzazi yule yule, wiki mbili kabla ya kufa, mwanawe alipoomba nusu siku ampeleke hospitali, aliambiwa nini? Aliambiwa hoteli imejaa. Ruhusa ya kumzika mama tunayo. Ruhusa ya kumtibu mama asife hatuna. Heshima hii inayomngoja mzee afe kwanza ndipo imfikie, ni heshima gani?

Wala jambo hili haliko Kenya peke yake. Jirani zetu ng'ambo ya Horohoro wana sheria yao ya ajira ya mwaka 2004, na hiyo yampa mfanyakazi angalau siku 4 za malipo mtoto wake akiugua au akifa, au mzazi wake akifa. Mtoto akiugua, naam. Mzazi akiugua, hapana, mpaka afe. Lakini zipo nchi za Afrika zilizokwisha toka hapo. Sheria ya kazi ya Namibia ya mwaka 2007 inampa mfanyakazi siku 5 za kazi kwa mwaka kwa mshahara kamili, kukiwa na kifo au ugonjwa mkubwa katika jamaa yake, na neno jamaa katika sheria hiyo linawataja wazazi na hata wakwe. Namibia si nchi ya Ulaya. Ni Waafrika kama sisi, wana hoteli na mashamba na migodi, na hoteli zao hazikufungwa kwa sababu ya siku tano. Na Shirika la Kazi la Ulimwengu lilipitisha Mkataba nambari 156 mwaka 1981, juu ya wafanyakazi wenye majukumu ya jamaa, na mkataba huo hautaji watoto peke yao; wawataja na watu wengine wa jamaa ya karibu ambao kwa dhahiri wanahitaji kutunzwa.

Katiba yetu ya mwaka 2010 nayo imesema. Ibara ya 57 yasema wazee wana haki ya kupata matunzo na msaada wa kiasi kutoka kwa jamaa zao na kutoka kwa Serikali. Basi Katiba imemtazamia mtoto amtunze mzazi. Tunakubali, sisi watu wa pwani tulilijua hilo kabla ya Katiba, maana radhi ya mzazi kwetu si kitu cha kuchezea. Lakini Katiba ikitazamia jambo, na sheria ya kazi isitoe hata saa moja ya kulifanya, mfanyakazi afanyeje?

Tusidhani kwamba haiwezekani kubadilika. Sheria ya mwaka 1976 ilimpa mama mja mzito miezi miwili, lakini ikamnyang'anya likizo yake ya mwaka, kana kwamba kuzaa ni mapumziko. Sheria ya mwaka 2007 ikampa miezi mitatu na ikamwachia likizo yake, na baba akapewa wiki mbili. Mwaka 2021 akaongezwa mwezi mmoja yule anayepokea mtoto wa kulea. Kwa hiyo sheria imekwisha kubali kwamba mfanyakazi ana nyumba, na nyumbani kuna mtu anayemhitaji. Imemwona mtoto mchanga. Bado haijamwona mzee.

Na wazee hawa ni nani? Wengi wao ni wafanyakazi wa jana. Ndio waliokata miwa ya Ramisi mpaka kiwanda cha kale kilipofungwa mwaka 1988. Ndio waliobeba mawe na mchanga hoteli za Diani zilipokuwa zikijengwa, wakapika na kufua na kulinda usiku. Migongo yao ilivunjika katika kazi hizi hizi tunazofanya sisi. Kumtibu mzee wa namna hii ni kulipa deni, si kumfanyia hisani.

Waajiri watatujibu, na lazima tuwasikilize. Watasema watu wakipewa siku kwa ajili ya wazazi, kila mtu atakuwa na mama mgonjwa siku ya sikukuu. Twajibu kwamba kliniki ina kadi, kadi ina tarehe na muhuri, na tarehe hiyo hujulikana wiki nyingi mbele. Hakuna kutokuwapo kazini kunakoweza kupangwa vyema kuliko huku. Watasema hoteli ndogo haina watu wa kujaza pengo. Twajibu kwamba pengo la siku moja lililojulikana mapema ni dogo kuliko pengo la mtu aliyetoweka bila habari, na ni dogo sana kuliko la mpishi wa miaka ishirini aliyepooza. Watasema biashara ya utalii ni ya kubahatisha. Ni kweli, nasi twajua. Tuliona Diani ilivyokauka baada ya machafuko ya Likoni ya mwaka 1997, tena wakati wa korona mwaka 2020. Mgodi wa titani nao uliacha kuchimba mwishoni mwa mwaka 2024, na waliokuwa na mishahara huko sasa wanawategemea ndugu zao. Kwa sababu hiyo hiyo mfanyakazi anaogopa kuomba. Tusiufanye woga huo kuwa kanuni ya kazi.

Haya ndiyo tunayotaka yaingie katika mapatano ya pamoja, kila mahali ambapo meza ya mapatano itafunguliwa. Kwanza, mfanyakazi mwenye maradhi ya kudumu apewe saa za kwenda kliniki yake kwa kuonyesha kadi, bila kukatwa mshahara na bila kuhesabiwa katika siku zake za ugonjwa. Pili, ziwepo siku 5 kwa mwaka za mshahara kamili kwa ajili ya kumuuguza mzazi, mume, mke au mtoto, ambazo zaweza kuchukuliwa nusu nusu. Tatu, mwenye kuleta kadi siku 7 kabla aruhusiwe kubadilishana siku ya mapumziko waziwazi, jina likaandikwa ubaoni, wala asipewe barua ya onyo. Nne, dharura ya usiku ikubaliwe kwa kupiga simu, na karatasi ya hospitali ifuate.

Mapatano yakisha kuandikishwa katika Mahakama ya Ajira na Kazi ni sheria kati yetu na mwajiri. Hatuna haja ya kungoja Bunge ndipo tuanze. Tuanze Diani na Msambweni, na Bunge litatukuta njiani.

Na sisi wenyewe tuna ya kufanya. Mwanachama asinunue cheti cha uongo. Cheti kimoja cha uongo kinawaharibia mia wenye vyeti vya kweli. Asisubiri barua ya onyo ndipo amtafute mjumbe wa chama. Akiitwa kujieleza, akumbuke kwamba kwa kifungu cha 41 anayo haki ya kuwa na mwenzake au mjumbe wa chama mle ndani, asitie sahihi peke yake. Siku ya kliniki aulize hospitalini kama tarehe yake na ya mzazi zaweza kuwekwa siku moja, maana mara nyingine jambo hilo lawezekana na halina gharama. Na dawa za mwezi, za kawaida, zitafutwe kwanza katika zahanati au kituo cha afya kilicho karibu, ambako huduma ya msingi hailipiwi kwa mtu aliyejiandikisha SHA.

Tena wanaume tuambiane ukweli. Mara nyingi mzigo huu huachiwa binti au mke wa mwana, hata kama naye ana zamu kama sisi. Ndugu watano wenye mama mmoja, kwa nini kila mwezi aende yule yule mmoja? Mkono mmoja haulei mwana, wala mkono mmoja haumuuguzi mzee. Kumshika mama mkono katika ukumbi wa hospitali hakumpunguzii mwanamume kitu.

Kwa hiyo twawaomba wanachama wote wenye kadi mbili wampe mjumbe wao wa kazini habari: kadi ni za kliniki gani, ni kila baada ya muda gani, na ni siku ngapi walizokosa mwaka uliopita kwa sababu ya zamu. Majina hayatapelekwa kwa mwajiri. Hesabu ndiyo itakayopelekwa. Tukikaa mezani tukisema watu wanateseka, tutaambiwa ni maneno. Tukikaa na hesabu mkononi, itabidi tujibiwe. Na mwezi huu, kabla hesabu haijakamilika, kila mwenye kadi aliyoiacha aitafute, aende akapimwe. Mzazi wako anakuhitaji mzima, na chama pia kinakuhitaji mzima.

Umoja ni nguvu.